Jinsi ya kuandika mpangilio wa elektroni katika atomu na kuutumia kutabiri tabia za elementi

Sodiamu ina elektroni 11 na neoni ina 10. Tofauti yao ni protoni moja ndani ya kiini na elektroni moja nje yake, lakini neoni ni gesi tulivu isiyoungana na chochote katika hali za kawaida, ilhali kipande cha sodiamu kikitupwa majini huyeyuka, hukimbia huku na huku juu ya maji kikitoa haidrojeni, na mara nyingine hulipuka. Anayetaka kuelewa kwa nini kuongezeka kwa moja tu katika hesabu kunaleta mabadiliko makubwa namna hiyo hana budi kujua elektroni zimekaa wapi na zimeshikwa kwa nguvu kiasi gani. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuandika mpangilio wa elektroni wa elementi yoyote ukiwa na jedwali la elementi na penseli tu, kisha unaonyesha namna ya kuusoma, kwa kuwa mpangilio ulioandikwa na usiosomwa ni mlolongo wa herufi na tarakimu usiomsaidia mtu.

Kupata idadi ya elektroni

Hatua ya kwanza ni nyepesi. Tafuta namba atomia ya elementi, yaani idadi ya protoni katika kiini chake. Atomu isiyo na chaji ina elektroni zilezile kwa idadi. Chuma ni namba 26, kwa hiyo kina elektroni 26. Ikiwa unashughulikia ioni, yaani atomu iliyopoteza au kupokea elektroni, punguza elektroni moja kwa kila chaji chanya na uongeze moja kwa kila chaji hasi: ioni ya Na⁺ ina elektroni 10, na ioni ya Cl⁻ ina 18. Uzito atomia, ambao nao huchapwa katika kila kisanduku cha jedwali, hauhusiki hapa hata kidogo, na wanafunzi wanaoanza huuchukua kimakosa mara nyingi kwa sababu katika baadhi ya majedwali umeandikwa kwa maandishi makubwa zaidi.

Kujua sehemu ambazo elektroni hukaa

Mwaka 1913 Niels Bohr alieleza kwamba elektroni ya haidrojeni haiwezi kuwa na nishati yoyote ile, bali ina viwango maalumu, na kwamba ikishuka kutoka kiwango cha tatu hadi cha pili hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656. Viwango hivyo ndivyo tunavyoviita maganda, na huhesabiwa kuanzia karibu na kiini: ganda la 1, la 2, la 3 na kuendelea. Picha ya duara ndani ya duara, ambayo karibu kila kitabu cha sekondari huichora, imetokana na fikra hiyo. Ni picha inayofaa kuanzia, lakini inafaa kuachwa mapema, maana elektroni haizunguki kwenye njia iliyochorwa. Tunachoweza kukitaja ni eneo ambalo uwezekano wa kuikuta ni mkubwa, na eneo hilo huitwa obitali.

Ndani ya kila ganda kuna maganda madogo yanayotambulishwa kwa herufi s, p, d na f. Ganda dogo la s lina obitali moja yenye umbo la mpira, la p lina obitali tatu, la d lina tano, na la f lina saba. Kila obitali hubeba elektroni mbili na haizidishi, nazo lazima ziwe na spini (tabia ya elektroni yenye mielekeo miwili tu) zinazopingana. Hiyo ndiyo kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925. Hivyo s hujaa kwa elektroni 2, p kwa 6, d kwa 10 na f kwa 14. Ganda la 1 lina s pekee, la 2 lina s na p, la 3 lina s, p na d, na la 4 lina zote nne. Kwa hesabu hiyo maganda hayo manne yanaweza kubeba elektroni 2, 8, 18 na 32.

Hapa pana jambo la kusahihishwa mapema. Katika madarasa ya mwanzo mwanafunzi hufundishwa mpangilio wa 2, 8, 8, 2 wa kalsiamu, na wengi hutoka darasani wakiamini kwamba ganda la tatu hujaa kwa elektroni 8. Halijai kwa 8. Lina nafasi 18, ila nafasi zake 10 za 3d husubiri, kwa sababu ambayo tutaifikia, na mtu asiyelijua hilo hukwama mara tu anapofika kwenye skandi, elementi ya 21.

Kufuata mfuatano wa kujaza

Elektroni huanza kujaza sehemu yenye nishati ndogo zaidi. Mfuatano wake ni 1s, 2s, 2p, 3s, 3p, 4s, 3d, 4p, 5s, 4d, 5p, 6s, 4f, 5d, 6p, 7s, 5f, 6d, 7p. Vitabu vingi huwapa wanafunzi mchoro wa mishale ya mshazari wa kukariri. Kwa maoni yangu mchoro huo ni mzigo usio wa lazima, kwa kuwa jedwali la elementi, ambalo mwanafunzi tayari analo mbele yake, limepangwa kwa mfuatano huohuo.

Tazama jedwali kwa maeneo yake. Safu mbili za kushoto ni eneo la s, safu sita za kulia ni eneo la p, safu kumi za katikati ni eneo la d, na mistari miwili iliyowekwa chini ya jedwali, yenye elementi 14 kila mmoja, ni eneo la f. Upana wa kila eneo ni sawa na idadi ya elektroni zinazoingia humo. Sasa tembea kwa penseli kutoka haidrojeni, kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, ukiandika kila eneo unalolipita. Katika eneo la s na la p, namba ya ganda ni namba ya mstari wenyewe. Katika eneo la d punguza moja. Katika eneo la f punguza mbili. Kwa hiyo ukiwa mstari wa nne unapita 4s, kisha 3d, kisha 4p. Heli peke yake inakiuka ramani hii: imewekwa upande wa kulia juu ya neoni kwa sababu ya tabia yake, lakini mpangilio wake ni 1s².

Tuchukue iodini, ile ambayo kwenye pakiti za chumvi huandikwa madini joto. Ni elementi ya 53 na iko mstari wa tano, katika safu ya tano ya eneo la p. Ukitembea mpaka ilipo utaandika:

1s² 2s² 2p⁶ 3s² 3p⁶ 4s² 3d¹⁰ 4p⁶ 5s² 4d¹⁰ 5p⁵

Tarakimu ndogo za juu ni idadi ya elektroni katika kila ganda dogo. Zijumlishe kila mara kabla ya kuendelea: hapa jumla ni 53, na tumepatia. Maandishi marefu kama haya hufupishwa kwa kutaja gesi adimu iliyotangulia, yaani ile ya safu ya mwisho kulia kama neoni (Ne) au agoni (Ar), ndani ya mabano ya mraba. Kabla ya iodini gesi adimu ya mwisho ni kriptoni yenye elektroni 36, kwa hiyo tunaandika [Kr] 4d¹⁰ 5s² 5p⁵. Ufupisho huu hauokoi wino tu. Unatenga elektroni za ndani, ambazo hazishiriki katika kemia ya kawaida, na kuziacha wazi zile za nje zinazoamua mambo.

Kugawa elektroni ndani ya ganda dogo

Obitali tatu za 2p zina nishati sawa, na swali ni namna elektroni zinavyogawana nafasi hizo. Kanuni ya Friedrich Hund inasema kwamba kila elektroni huchukua obitali yake kwanza, zote zikiwa na spini ya mwelekeo mmoja, na ni baada ya obitali zote kupata moja moja ndipo zinapoanza kukaa mbilimbili. Sababu mojawapo haihitaji hesabu ngumu: chaji hasi mbili husukumana, na husukumana zaidi zikiwa katika obitali moja. Naitrojeni, yenye 2p³, ina elektroni tatu zilizotengana, moja katika kila obitali. Oksijeni, yenye 2p⁴, imelazimika kuziweka mbili pamoja.

Ushahidi wa jambo hili unaweza kupimwa. Kuondoa elektroni moja kutoka atomu za naitrojeni kunahitaji kilojuli 1402 kwa moli (kipimo cha idadi ya atomu kinachotumiwa katika kemia), wakati kwa oksijeni kilojuli 1314 zinatosha, ingawa kiini cha oksijeni kina protoni moja zaidi na ungetegemea kishike elektroni zake kwa nguvu zaidi. Elektroni inayotoka kwenye oksijeni ni mojawapo ya zile mbili zilizobanana, nayo kusukumwa na mwenzake kumerahisisha kuondoka kwake. Ukirudi nyuma kwenye mstari huohuo utakuta mteremko mwingine: berili inahitaji kilojuli 900 na boroni, inayoifuata, 801 tu. Hapo sababu ni nyingine. Elektroni ya mwisho ya berili iko 2s, ile ya boroni imeingia 2p, na 2p iko juu zaidi kwa nishati. Mwanafunzi anayeweza kueleza miteremko hii miwili kwa mpangilio wa elektroni, bila kutumia kauli ya jumla kwamba nishati huongezeka kuelekea kulia, ameuelewa mpangilio wenyewe.

Eneo la d, ambako wengi huteleza

Potasiamu ni [Ar] 4s¹ na kalsiamu ni [Ar] 4s². Obitali ya 4s imetangulia 3d kwa sababu sehemu yake hupenya hadi karibu na kiini, ambako elektroni za ndani haziikingi sana dhidi ya mvuto wa protoni, na hivyo nishati yake hushuka chini ya ile ya 3d. Kuanzia skandi, elektroni huingia 3d moja baada ya nyingine hadi zinki, ambayo ni [Ar] 3d¹⁰ 4s².

Elementi mbili katika mstari huo hazifuati ramani. Kromi ni [Ar] 3d⁵ 4s¹ badala ya 3d⁴ 4s², na shaba ni [Ar] 3d¹⁰ 4s¹ badala ya 3d⁹ 4s². Maelezo yanayotolewa shuleni ni kwamba ganda dogo lililojaa nusu au lililojaa lote ni imara zaidi. Maelezo hayo yanatosha kwa kromi na shaba, lakini yasichukuliwe kama sheria. Katika safu ileile ya kromi, molibdeni inafuata mfano wake kwa 4d⁵ 5s¹, ilhali tangsteni iliyo chini yake ni 5d⁴ 6s²; nayo paladi haina elektroni hata moja katika 5s, bali zote kumi ziko 4d. Tofauti za nishati kati ya sehemu hizi ni ndogo sana kiasi kwamba kusukumana kwa elektroni zenyewe kunaweza kugeuza matokeo, na kwa elementi chache za namna hii hakuna njia ya mkato: itabidi ukumbuke kilichopimwa.

Jambo la pili linalowatelezesha wengi ni ioni. Elektroni zilizoingia 4s kabla ya 3d ndizo zinazotoka kwanza. Metali ya eneo la d inapogeuka ioni chanya, ondoa elektroni za 4s, kisha, ikihitajika, za 3d. Chuma ni [Ar] 3d⁶ 4s². Kikipoteza elektroni mbili kinakuwa Fe²⁺ chenye [Ar] 3d⁶, na kikipoteza tatu kinakuwa Fe³⁺ chenye [Ar] 3d⁵. Anayeandika Fe²⁺ kama 3d⁴ 4s² amefuata mfuatano wa kujaza kinyumenyume, na jibu lake si sahihi. Protoni zikishaongezeka katika kiini, 3d huvutwa ndani na kuzama chini ya 4s, na 4s hubaki kuwa ndiyo ya nje kabisa.

Kusoma tabia kutoka kwenye mpangilio

Ukiwa na mpangilio uliofupishwa, tazama kwanza elektroni za ganda la nje. Sodiamu ni [Ne] 3s¹. Elektroni hiyo moja iko mbali na kiini, na elektroni kumi za ndani zinaikinga, kiasi kwamba badala ya mvuto wa chaji 11 inahisi chaji inayokadiriwa kuwa kati ya 2 na 3 tu. Kuiondoa kunahitaji kilojuli 496 kwa moli. Kuondoa ya pili, ambayo ingepaswa kutoka kwenye 2p iliyojaa, kunahitaji 4562, zaidi ya mara tisa. Ndiyo maana kampaundi za sodiamu zina Na⁺ na wala si Na²⁺, na ndiyo maana magadi ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron yana sodiamu tele lakini hakuna aliyewahi kuokota kipande cha metali ya sodiamu ufukweni mwa maziwa hayo: elektroni ile ya nje huondoka kwa urahisi mno kiasi kwamba metali haiwezi kudumu mbele ya maji na hewa. Ilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1807, Humphry Davy alipopitisha umeme katika soda kali iliyoyeyushwa.

Unaweza kuutumia mruko huo wa nishati kinyume chake, kutambua idadi ya elektroni za nje pale unapopewa vipimo tu. Magneziamu inahitaji kilojuli 738, kisha 1451, kisha 7733. Mruko mkubwa uko baada ya elektroni ya pili, kwa hiyo elektroni za nje ni mbili, mpangilio ni [Ne] 3s², na ioni ni Mg²⁺. Maswali ya mitihani ya kidato cha tano na sita hupenda sana namna hii, na hayahitaji kukariri chochote. Kinachotakiwa ni kutafuta mahali ambapo namba imeruka.

Baada ya idadi, tazama namba ya ganda. Katika safu ya kwanza, lithi ina 2s¹, sodiamu 3s¹, potasiamu 4s¹, rubidi 5s¹ na sezi 6s¹. Umbo ni lile lile, lakini ganda la nje linazidi kuwa mbali na kiini, na nishati ya kuondoa elektroni inashuka kutoka 520 kwa lithi hadi 376 kwa sezi. Lithi hufukuta taratibu juu ya maji, potasiamu huwaka papo hapo kwa mwali wa zambarau, sezi hulipuka. Mtu anaweza kuupanga mfuatano huu kwa usahihi kabla ya kuona jaribio lolote, kwa kusoma namba iliyo mbele ya herufi s.

Upande wa pili wa jedwali mambo yamegeuka. Klorini, [Ne] 3s² 3p⁵, imepungukiwa elektroni moja tu ili 3p ijae, na kiini chake huivuta kwa nguvu elektroni yoyote inayosogea karibu. Ikiipata inakuwa Cl⁻ na kutanuka: nusu kipenyo cha atomu yake ni takriban pikomita 99, na cha ioni ni 181. Sodiamu hufanya kinyume, ikinywea kutoka pikomita 186 za metali hadi 102 za ioni, kwa kuwa imepoteza ganda lake lote la nje. Kwa hiyo katika punje ya chumvi ya mezani ioni kubwa ni za klorini, ijapokuwa kati ya atomu zenyewe iliyo kubwa ni ya sodiamu.

Ukubwa wa ioni una matokeo hata katika miili ya watu. Florini, 1s² 2s² 2p⁵, ina maganda mawili tu, na ioni yake F⁻ ni ndogo, yenye ukubwa na chaji vinavyokaribiana na vya ioni ya haidroksidi OH⁻ iliyo katika madini ya meno na mifupa. Kwa sababu hiyo F⁻ inaweza kuchukua nafasi ya OH⁻ humo. Kwa kiasi kidogo meno huimarika. Kwa kiasi kikubwa, kama katika maji ya baadhi ya maeneo yanayozunguka Mlima Meru na Bonde la Ufa, meno hupata madoa ya kahawia, na mifupa huweza kupinda. Kloridi ni kubwa mno kukaa hapo kwa urahisi huo, ingawa mpangilio wa ganda lake la nje unafanana na wa floridi.

Gesi adimu zina maganda ya nje ambayo hayana nafasi ya karibu ya kupokea elektroni wala elektroni iliyo rahisi kuiachia. Heli, ambayo mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwepo kwake kwa wingi ardhini katika Bonde la Rukwa, inahitaji kilojuli 2372 kwa moli ili ipoteze elektroni, kiwango cha juu kuliko cha elementi nyingine yoyote. Hata hivyo neno "kamwe" halifai kutumiwa kwa kundi zima. Mwaka 1962 Neil Bartlett aliona kwamba zenoni huachia elektroni yake ya kwanza kwa takriban kilojuli 1170, karibu sawa na molekuli ya oksijeni, na kwa kuwa tayari alikuwa na kampaundi inayonyang'anya oksijeni elektroni, aliijaribu kwa zenoni na ikaungana. Ganda la nje la zenoni ni la tano, liko mbali na kiini, na limekingwa vizuri. Kanuni ileile inayoieleza sezi ndiyo iliyoieleza zenoni.

Rangi, na elektroni za d

Mrututu, ambao wakulima wa kahawa wameutumia kupambana na magonjwa ya ukungu, ni chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu iliyoiva. Shaba ndani yake ni Cu²⁺, yaani [Ar] 3d⁹. Katika ioni iliyo peke yake obitali tano za 3d zina nishati sawa, lakini molekuli za maji zinapoizunguka, obitali zinazoelekea moja kwa moja kwenye maji husukumwa juu na nyingine hubaki chini. Kwa kuwa 3d⁹ imebakiza nafasi moja wazi, elektroni ya chini inaweza kurukia huko kwa kumeza sehemu ya mwanga iliyo upande wa nyekundu, na kinachobaki kulifikia jicho ni buluu.

Jaribio la kuthibitisha hili ni dogo. Weka chembe chache za mrututu katika kijiko cha chuma cha maabara, zipashe moto polepole mahali penye hewa ya kutosha, nazo zitapauka mpaka ziwe nyeupe. Shaba haijaondoka na mpangilio wake bado ni 3d⁹. Kilichoondoka ni maji. Pengo kati ya obitali limepungua, na mwanga unaomezwa sasa uko upande ambao macho hayauoni. Zikishapoa, dondoshea tone la maji na buluu itarudi palepale. Chumvi za zinki haziwezi kufanya hivyo, maana Zn²⁺ ni 3d¹⁰ na haina nafasi ya kurukia; ndiyo sababu zinki salfeti ni nyeupe, iwe na maji au isiwe nayo.

Tanzanaiti, iliyotambuliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mirerani, inasomeka kwa njia hiyohiyo. Madini yake ya msingi, zoisaiti, yameundwa kwa kalsiamu, alumini, silikoni, oksijeni na haidrojeni. Ioni za kalsiamu na alumini zina maganda yaliyojaa na hazina elektroni za d, kwa hiyo zoisaiti safi haina rangi. Buluu yake ya zambarau inatokana hasa na kiasi kidogo sana cha vanadi kilichokaa katika baadhi ya nafasi za alumini. Vanadi ni [Ar] 3d³ 4s², na ioni yake ya V³⁺ ina 3d²: elektroni mbili na obitali tano, nafasi za kurukia zikiwa tele.

Lakini usihitimishe kwamba kila rangi ya metali hizi imetokana na elektroni za d. Potasiamu pamanganeti ni ya zambarau kali, na manganisi ndani yake imehesabiwa kuwa 3d⁰. Mwanga humezwa pale elektroni inapohamishwa kutoka oksijeni kwenda manganisi, ambayo ni habari nyingine.

Mahali ambapo njia hii inapungukiwa

Kwa elementi nzito, mpangilio peke yake hauelezi kila kitu. Shaba, fedha na dhahabu ziko safu moja, zote zina elektroni moja ya s juu ya d iliyojaa, na bado fedha ni nyeupe na dhahabu ni ya manjano. Kiini cha dhahabu kina protoni 79, na mvuto wake unazifanya elektroni za ndani ziende kwa mwendo ulio sehemu kubwa ya mwendo wa mwanga, hali inayofanya obitali ya 6s inywee na kushuka. Pengo kati ya 5d na 6s hupungua hadi dhahabu inameza mwanga wa buluu, ilhali fedha humeza ule usioonekana. Zebaki, jirani ya dhahabu, ina 6s² iliyoshikwa kwa nguvu kutokana na hali hiyohiyo. Atomu zake hushikamana kwa udhaifu, nayo ni kimiminika katika joto la kawaida.

Ukitaka kujipima, andika mpangilio wa elementi hizi tatu kabla ya kusoma majibu: seleni (34), ioni ya Mn²⁺ (manganisi ni 25) na risasi (82). Seleni ni [Ar] 3d¹⁰ 4s² 4p⁴, ina elektroni sita za nje kama oksijeni na salfa, na ioni yake ni Se²⁻. Mn²⁺ ni [Ar] 3d⁵, elektroni tano zilizotengana, kila moja na obitali yake. Risasi ni [Xe] 4f¹⁴ 5d¹⁰ 6s² 6p². Ikipoteza zile za 6p pekee hupatikana Pb²⁺, na zikihusishwa pia za 6s hupatikana kampaundi za daraja la nne, yaani zinazohusisha elektroni zote nne za nje, kama oksidi ya kahawia, PbO₂, iliyo kwenye bamba chanya la betri ya gari.